Jioni Katika Bustani ya Mimea ya Jiji: Maua Yalitimiza Ahadi, Taa Zikayaharibia

Tangazo la bustani liliwaahidi wageni wa jioni mambo matatu: maua yanayochanua usiku, njia iliyopambwa kwa taa za rangi, na muziki. Nilikata tiketi mbili kwa ajili ya lile la kwanza tu, moja yangu na nyingine ya shangazi yangu, ambaye macho yake yamepungua nguvu lakini pua yake bado inamtofautishia asumini na mlangilangi kutoka ng'ambo ya barabara. Naandika tathmini hii nikiwa nimeridhika na kuudhika kwa viwango vinavyokaribiana, kwa sababu bustani ile ina mimea ya kumtoa mtu nyumbani usiku, ina wafanyakazi wanaoijua mimea hiyo vizuri, kisha ina mpangilio wa taa unaoyaficha yale yale tuliyolipia kuyaona. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, maana ninalotaka lijadiliwe ni mpango wenyewe, si watu walioajiriwa kuutekeleza.

Tiketi za jioni huuzwa kwa zamu. Zamu ya kwanza humwingiza mgeni nusu saa kabla ya magharibi, na ya pili huanza giza likishatanda. Karani wa dirishani alitushauri tuchukue ya pili, kwa maelezo kwamba taa hupendeza zaidi wakati huo, nasi hatukumsikiliza. Yeyote atakayekwenda naye asimsikilize. Jambo la kutazamwa jioni bustanini ni badiliko lenyewe kutoka mchana kwenda usiku, na anayeingia baada ya badiliko hilo kwisha amekuta meza imeshaondolewa.

Badiliko lenyewe lilianzia karibu na lango, mahali ambapo wageni wengi walipita bila kusimama. Kuna matuta mawili yanayotazamana, moja la maua mekundu na jingine la maua ya buluu, na nadhani aliyeyapanda hivyo alijua anachokifanya. Tulipoingia, tuta jekundu ndilo lililovuta macho, na lile la buluu lilionekana limepooza. Tulikaa kwenye benchi kumsubiri mwongozaji, na baada ya dakika ishirini hivi wekundu ule ulikuwa umezama ukafanana na masizi, ilhali buluu ilikuwa imechomoza kana kwamba imewashwa kwa ndani. Jambo hili lilielezwa na mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, mwaka 1819, na sababu yake imo ndani ya jicho la mtazamaji: mwanga unapofifia, seli zinazotambua rangi huziachia kazi seli nyingine zilizoumbwa kwa mwanga hafifu, na hizi za pili ni hodari kwa buluu na kijani lakini kwa wekundu ni karibu na vipofu. Jicho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza barabara, na mwako mmoja wa simu hulirudisha mwanzo. Hapakuwa na kibao chochote cha kumweleza mgeni haya, ingawa kibao kingegharimu kidogo kuliko taa moja ya zile nitakazozitaja baadaye.

Matembezi ya kuongozwa yamo ndani ya tiketi, na hapa bustani inastahili sifa zisizo na masharti. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, ambaye kabla ya kujitambulisha kwa kundi alimwendea shangazi pale benchini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mwendo wangu ni wa mkongojo, msinisubiri."

"Basi leo sote tutakwenda kwa mkongojo, bibi."

Akatimiza. Tulikuwa watu kumi na wawili, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mwendo ule ndio uliotuwezesha kuona vitu ambavyo kwa mwendo wa kawaida huonekana vimesimama. Katika nyumba ya vioo ya kwanza alituweka mbele ya mkwaju mchanga na kututaka tuchague jani moja kila mtu, tulitazame bila kuligusa. Jani la mkwaju lina vijani vidogo vilivyopangwa jozi jozi, na jua lilipokuwa likishuka vijani vile vilikuwa vikikutana, kila kimoja na mwenzake, hadi tawi lililokuwa na kivuli kizito likabaki kama limekonda. Pembeni yake palikuwa na vyungu vya kifaurongo, ambavyo kila mtoto hujua kwamba hunywea vikiguswa, lakini vilikuwa vikijikunja vyenyewe bila kuguswa na mtu. Mwongozaji alieleza kwamba mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa aina hiyo mahali penye giza mchana na usiku, akakuta majani yanaendelea kufunguka na kujifunga kwa saa zake kana kwamba yanaliona jua. Msichana mmoja wa umri wa miaka tisa hivi aliuliza kama mmea una saa ndani yake, naye mwongozaji akamjibu kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba wanadamu nao wanayo, ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa ameanza kupiga miayo. Niliipenda namna hiyo ya kufundisha, kwa kuwa haikumpunguzia mtoto ukweli wala haikumzidishia maneno.

Kiini cha jioni yote ni bwawa lililo chini ya kuba la vioo, na hapo nitakaa kidogo. Ndani yake mna Victoria amazonica, yungiyungi la mito ya Amazoni, ambalo jani lake hufikia upana wa zaidi ya mita 2, likiwa na ukingo uliosimama mfano wa sinia na, upande wa chini, mishipa minene iliyopangika kama mapao ya paa na kujaa miiba. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth nchini Uingereza, alipofanikiwa kulichanusha mwaka 1849, alimsimamisha binti yake mdogo juu ya jani ili kuonyesha nguvu zake, na mpangilio wa mishipa hiyo ukamwongoza katika kubuni lile jumba kubwa la vioo la maonyesho ya London ya mwaka 1851. Habari hizi zimeandikwa vizuri kwenye ubao ulio kando ya bwawa, pamoja na nyingine iliyonifurahisha zaidi, kwamba mwaka 2022 wataalamu wa bustani ya Kew na wenzao walitangaza spishi ya tatu ya yungiyungi hili, Victoria boliviana, ambayo vielelezo vyake vilikuwa vimelala katika makabati ya Kew kwa zaidi ya miaka mia moja vikidhaniwa kuwa vya spishi nyingine. Bustani ya mimea ni mahali pa namna hiyo, ambapo mtu anaweza kukipita kitu kila siku maisha yake yote kabla ya kugundua hajakijua.

Njia ya kuelekea bwawani ina taa fupi za rangi ya kaharabu, zinazofika kwenye kifundo cha mguu na zilizofunikwa juu ili mwanga uangukie chini tu. Tulitembea bila kujikwaa na macho yetu yakabaki na uzoefu wake wa giza. Naomba msomaji azikumbuke taa hizi, kwa sababu zinathibitisha kwamba bustani inajua la kufanya inapotaka.

Tumba la yungiyungi lilikuwa karibu na ukingo, lenye ukubwa wa ngumi na lililovikwa miiba kila upande, na ncha yake ilikuwa imeanza kupasuka na kuonyesha weupe. Tulikalishwa kwenye mabenchi yaliyopangwa kwa ngazi, tukaambiwa tunyamaze, na kwa muda hakuna kilichotokea isipokuwa maji kudondoka kutoka kwenye vioo vya kuba. Kisha shangazi, ambaye tumba lenyewe alikuwa halioni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kuna nanasi hapa." Wachache walicheka, wakidhani kuna aliyeficha chakula mkobani. Haikupita muda harufu ikatufikia sote, tamu na nzito kama ya nanasi lililoiva kupita kiasi, na petali ya kwanza ikajilegeza ikalala nyuma, ikafuatwa na ya pili, kisha nyingine nyingi kwa pamoja, hata ua likawa na upana wa sahani kubwa.

Mtunza bwawa, mwanamke aliyevaa suruali ya mpira iliyomfika kifuani, aliingia majini na kulisogelea. Alieleza kwamba ua hili halitoi harufu peke yake bali hutoa na joto, na kwamba katikati yake usiku wa kwanza panaweza kuwa na joto la karibu nyuzi 10 za Selsiasi zaidi ya hewa iliyolizunguka. Alimwita shangazi mbele, akamshika mkono na kuuweka juu ya ua bila kuligusa, na shangazi akakaa hivyo kwa muda akiwa ameinamisha kichwa. "Linapumua," alisema. Mtunza bwawa hakumsahihisha, na kwa kweli hapakuwa na la kusahihisha, kwa sababu joto lile hutoka kwenye wanga ambao ua huuchoma kwa kuvuta oksijeni, na huko ndiko kupumua kwenyewe.

Maelezo yaliyofuata yalikuwa bora kuliko yote niliyoyasikia bustanini. Kwao Amazoni, harufu na joto hilo huwaita mbawakawa, nao huingia ndani ya ua jeupe wakitafuta chakula na hifadhi, wakiwa wamebeba chavua ya ua walilolala jana yake. Usiku wa kwanza ua ni la kike, tayari kupokea. Asubuhi hujifunga na kuwaweka wageni wake mahabusu mchana kutwa, na wakati huo petali zake hugeuka kutoka nyeupe kuwa za waridi na stameni zake hukomaa. Jioni ya pili ua limekuwa la kiume, harufu yake imetoweka, nalo hufunguka na kuwaachilia mbawakawa wakiwa wamepakazwa chavua mwili mzima, waende kwenye ua jingine jeupe. Baada ya hapo hujifunga na kuzama majini. Kwa kuwa chini ya kuba hamna mbawakawa hao, mtunza bwawa alitoa mfukoni kikopo kidogo cha chavua ya ua la usiku uliopita na brashi laini ya kuchorea, akaifanya kazi ya mdudu mbele yetu kwa utulivu kama mtu anayepaka dawa kidonda. Niliona mikono michache ikiinua simu, lakini hakuna aliyewasha mwako, kwa kuwa mwongozaji alikuwa ametuomba mapema na kutueleza sababu.

Kama jioni ingeishia hapo, ningeandika aya moja zaidi ya shukrani na kufunga. Ila tiketi inamtaka mgeni atoke kwa kupitia njia ya taa, na hakuna njia nyingine iliyo wazi.

Njia hiyo ni barabara ya miti mikubwa ya zamani, na miti yote imezungushiwa nyuzi za balbu kuanzia shina hadi matawi ya kwanza, zikibadilika kutoka zambarau kwenda kijani na kurudi, huku vipaza sauti vilivyofichwa vichakani vikipiga muziki usiohusiana na chochote. Sisi tuliotoka bwawani tulitokea humo kama watu waliotoka pangoni adhuhuri. Chini ya mwanga wa zambarau, kila jani huonekana limekatwa kwa plastiki ile ile. Mti wenye magome ya kuchubuka na mti wenye magome laini haviachani, na mtu akiuliza ametazama mti gani hawezi kujibu, kwani vibao vya majina viko nyuma ya balbu. Hilo la vibao si jambo dogo. Bustani ya mimea hutofautiana na uwanja wowote wa kupumzikia kwa kibao chenye jina la kisayansi, familia, asili na namba ya usajili ya mmea, na imekuwa hivyo tangu enzi za bustani kama ya Padua nchini Italia, iliyoanzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa utabibu wajifunze kutambua mimea ya dawa kwa macho yao na wasidanganywe na wauzaji. Mti uliovikwa taa kiasi cha kufichwa jina lake umeshushwa cheo ukawa nguzo.

Kosa kubwa kuliko hilo liko katikati ya njia, kwenye kitalu kinachoitwa cha manukato ya usiku. Aliyekibuni alichagua mimea yake kwa akili: kuna tumbaku ya maua, kuna asumini ya usiku, kuna maua meupe yenye shingo ndefu yaliyotengenezwa kwa ajili ya nondo warukao gizani wakiongozwa na harufu na weupe. Halafu mtu mwingine, ambaye nadhani hawakuwahi kukaa meza moja, amesimika taa kali chini ya kila mmea ikimulika juu. Nilisimama hapo kwa dakika kumi kwa saa yangu. Kwenye taa moja nondo walikuwa wakizunguka wengi kiasi cha kunishinda kuwahesabu, na kwenye maua yaliyo nusu mita juu ya taa hiyo alikuja mmoja tu, akaning'inia hewani mbele ya ua kwa muda mfupi, akauacha mrija wake nje, kisha akavutwa chini na mwanga kama wenzake. Hili nililoliona limepimwa na wataalamu kwa utaratibu. Utafiti uliofanywa nchini Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba mimea iliyomulikwa usiku ilitembelewa na wadudu wachavushaji pungufu kwa asilimia 62 kuliko ile iliyoachwa gizani, na kwamba mmea mmoja uliofuatiliwa kwa karibu ulizaa matunda pungufu kwa asilimia 13, ingawa wadudu wa mchana waliendelea kuuhudumia kama kawaida. Taasisi inayojitangaza kuwa mlinzi wa mimea haipaswi kusubiri kuambiwa hayo na mgeni aliyekata tiketi.

Najua jibu litakalotolewa, na lina uzito wake. Taa huvuta watu, watu huleta fedha, na fedha hulipa mishahara ya akina mwongozaji wetu na mtunza bwawa. Niliziona familia zikipiga picha chini ya miti ile kwa furaha isiyo ya kuigiza, na sina haki ya kuwanyima. Lakini bustani ina uwanja mpana wa nyasi karibu na lango usio na mmea wa kuumizwa, ambao usiku ule ulikuwa mtupu kabisa, na taa zote za rangi zingetosha hapo na muziki wake. Isitoshe, kuna bustani ambazo zimefaulu kuishi na usiku bila kuufukuza: ile ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1859, hufunguliwa kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita za usiku, na watu huenda humo kutembea chini ya miti.

Nyumba ya okidi, iliyo mwisho wa njia, ilinituliza kiasi. Taa zake ni chache, na ile okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ilikuwa na maua mawili meupe kama nta yenye mkia wa kijani wa karibu sentimita 30 ambao nekta yake imo chini kabisa. Charles Darwin alipouona mwaka 1862 alitabiri kwamba lazima Madagaska kuwe na nondo mwenye mrija wa urefu huo, na nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amefariki zamani. Kibao kinayaeleza haya kwa sentensi nne zilizoandikwa vizuri, na kina herufi zilizoinuka ambazo shangazi alizisoma kwa vidole hadi mwisho, akichukua muda wake, huku foleni ikiungana nyuma yetu kwa adabu. Vibao vya namna hiyo viko katika nyumba hiyo peke yake.

Jirani yake ni nyumba ya mimea ya jangwani, nayo ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alisema kwamba hufungwa jioni kila siku kwa sababu usiku hakuna cha kuona. Sikutaka kubishana na mtu aliyepewa amri tu, lakini ukweli ni kinyume kabisa. Jamii ya dungusi na mimea mingi ya ukame hufunga vitundu vya ngozi yake mchana ili isipoteze maji, kisha huvifungua usiku na kuvuta hewa ya ukaa ambayo itaitumia jua likitoka. Saa ambayo mlinzi alikuwa akifunga mlango ndiyo saa ambayo wakazi wa nyumba ile walikuwa wakifungua yao. Kupitia kioo niliona, kwenye chungu cha kuning'inia, tumba refu la Epiphyllum oxypetalum, yule ambaye wengi humwita malkia wa usiku, likiwa limeinua shingo na kufura kama linalochanua usiku ule ule. Ua lake hufunguka giza likiingia na kunyauka kabla ya asubuhi. Kwa hesabu yangu lilichanua saa chache baadaye ndani ya nyumba iliyofungwa, nyuma ya mnyororo, bila hata mtu mmoja kuliona, wakati mamia ya wageni wakitazama balbu umbali wa hatua hamsini.

Kuhusu huduma nyingine sina mengi. Vyoo ni safi lakini viko langoni tu, jambo ambalo wenye wazee na watoto walijue mapema. Njia ya bwawani imesakafiwa vizuri na kiti cha magurudumu kitapita. Baada ya hapo kuna changarawe ambayo mkongojo wa shangazi ulizama mara kwa mara, na mbele ya nyumba ya okidi kuna ngazi tano, ilhali mteremko wa magurudumu umewekwa upande wa nyuma bila mshale wa kuuonyesha. Mgahawa una kelele na tuliupita. Mbu wapo, na dawa ya kujipaka inafaa, ila mtu achague isiyo na harufu kali na aache manukato yake nyumbani, la sivyo atajinusa mwenyewe jioni nzima. Anayehitaji tochi aifunike kwa karatasi nyekundu inayopenyeza mwanga, kwani mwanga mwekundu hauliharibu jicho lililokwisha kulizoea giza. Kengele ya kufunga hupigwa mapema mno, wakati harufu ya asumini ya usiku ndiyo kwanza inapanda, na walinzi hutusukuma langoni kwa heshima lakini bila kusimama.

Langoni nilimwuliza karani kama tiketi inaweza kutumika kwa jioni mbili mfululizo, kwa kuwa ua la yungiyungi ni la jioni mbili na aliyeliona moja ameona nusu. Alisema hakuna utaratibu huo, akaandika ombi langu kwenye daftari, nami nikakata nyingine mbili za kesho yake, zamu ya kwanza.

Jioni ile ya pili hatukwenda kokote ila bwawani. Ua lilikuwa limegeuka waridi iliyokolea, petali zake zimejikunja kuelekea chini hadi kugusa maji, na shangazi alivuta pumzi mara tatu kisha akatikisa kichwa, kwamba hamna kitu. Mtunza bwawa alikuwa ameshaingia majini na kikopo chake, akikusanya chavua kwa brashi ile ile. Upande wa pili wa bwawa, kwenye mmea mwingine, palikuwa na tumba jipya lililoanza kupasuka nchani. Shangazi aliligeukia kabla yangu, akaniomba nimsogeze benchi.